Vijana wetu wa fani za afya na haki ya Simiyu juu yao

Mada iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri mbele ya Waislamu wa Bariadi na vitongoji vyake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Swahaba zake na kila mwenye kufuata njia yao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Nimeombwa nizungumzie elimu. Ni ada ya mihadhara yetu kwamba mada ya elimu huishia katika kuhesabu: Waislamu wangapi wamefaulu, wangapi wamekosa nafasi, nani katudhulumu. Leo nitaliacha hilo. Nataka kuwazungumzia wale ambao nafasi wameshaipata. Katika misikiti yetu ya Bariadi, Maswa, Lamadi na Mwanhuzi wapo wazazi ambao watoto wao wanasoma udaktari, uuguzi, famasia, maabara au afya ya mazingira, wengine Muhimbili, wengine Bugando, wengine katika vyuo vya kati. Likizo ndefu inapofika kijana huyu hurudi nyumbani akakaa dukani kwa baba yake, au harudi kabisa. Hakuna katika jamaa ya msikiti anayemuuliza amejifunza nini. Kisha unakuja mwaka wa mwisho, chuo kinamtaka afanye utafiti wake, naye anautafuta katika wodi ya mjini ambamo wamekwishapita watafiti wengi kabla yake, wakauliza maswali yale yale.

Na mkoa wake umekaa unasubiri. Simiyu ni mkoa mchanga, ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu hapa watu 2,140,497. Watu milioni mbili na zaidi, wakulima wa pamba na wafugaji, wana maradhi yao ambayo hayafanani kila jambo na maradhi ya Dar es Salaam. Nani atayachunguza ikiwa aliyezaliwa humu hayachunguzi?

Nitoe mfano ulio karibu na kazi yangu. Mwalimu wa madrasa huulizwa masuala ya tahara kuliko masuala mengine yote. Anakuja mtoto wa miaka kumi na miwili, ameinamisha kichwa, anasema: "Ustaadh, mkojo wangu unatoka na damu mwishoni. Je, udhu wangu unasihi?" Fiqhi ina jawabu. Chenye kutoka katika njia mbili hutengua udhu, najisi huoshwa, na ambaye jambo hilo halimwachi ana hukumu ya mwenye udhuru, atatawadha kwa kila wakati wa swala. Jawabu hilo ni sahihi, lakini halimponyi mtoto. Mtoto huyu ana kichocho, na baada ya fiqhi yake anapaswa kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Nimewasikia watoto wakiambiana kwamba mkojo mwekundu ni dalili ya kupevuka. Basi mgonjwa anapongezwa.

Kichocho cha mkojo katika nchi hii ya Wasukuma kinakaa katika malambo na madimbwi, yale yanayojaa masika na kukauka kiangazi. Humo huishi konokono mdogo ambaye hustahimili ukame akiwa ndani ya tope mpaka mvua irudi. Mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai ya mdudu huanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono, vikishakua humo vinatoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeoga, anayefua, anayechunga ng'ombe au anayechota maji. Mnyoo mkubwa hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na yai lake lina mwiba. Mwiba huo ndio unaopasua ndani na kutoa damu. Kule Busega, ufukweni mwa ziwa, iko aina nyingine inayoshambulia matumbo na ini, na konokono wake ni wa jamii nyingine. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na watoto hugawiwa shuleni kwa kampeni. Lakini dawa huua mnyoo uliomo mwilini tu. Mtoto akirudi lamboni kesho, huupata tena.

Sasa nielekee upande wa pazia, nanyi wanaume mniwie radhi, kwa maana katika dini hakuna haya ya kuficha elimu. Wanakuja kina dada kwa wake zetu na walimu wao wa kike wakiuliza masuala ya istihadha. Damu inatoka nje ya siku zake, au inatoka baada ya tendo la ndoa, pamoja na maumivu. Wanafundishwa hukumu: aoge siku za hedhi zikipita, atawadhe kwa kila swala, na mumewe hazuiwi kwake. Ni sawa. Lakini mayai yale yale ya kichocho, kwa mwanamke, huingia katika mlango wa kizazi na kufanya vidonda humo. Mwanamke huyu hutokwa na damu, huenda akakosa mtoto, na mume akasikia maneno ya watu akamdhania zinaa, akamwacha. Talaka inatolewa kwa sababu ya maji ya lambo! Watafiti wa Bugando pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani wamechunguza wanawake wa vijiji vya Kanda ya Ziwa, na kazi zao zimeonyesha kuwapo uhusiano baina ya kichocho kwa mwanamke na kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Jambo lenye uzito wa namna hii, na mwanafunzi wetu wa kike wa udaktari, mwenye kulijua somo hili na lugha ya mama huyu, yuko nyumbani anakunja nguo.

Mtu atauliza: mwanafunzi asiye na fedha atafanya utafiti gani? Kichocho cha mkojo ni katika maradhi mepesi mno kuchunguzwa. Kinatakiwa kikopo, hadubini ya zahanati na kichujio kidogo. Mkojo huchukuliwa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Mililita kumi huchujwa na mayai yakahesabiwa. Maswali ni mengi kuliko wanafunzi. Lambo gani lina konokono wenye maambukizo, na mwezi gani? Mtoto ambaye yuko madrasa na hayuko shuleni, kampeni ya dawa inamfikia? Kina mama wanalielewaje tatizo hilo, na wanaanzia kwa nani: kwa mganga wa kienyeji, kwa sheikh au zahanati? Liko na swali ambalo asiyekuwa Mwislamu huenda lisimjie kabisa: wagonjwa wetu wa kisukari hapa Bariadi wanafungaje Ramadhani? Wanapunguza dawa kwa ushauri wa nani? Hilo peke yake ni utafiti wa shahada, na majibu yake yako katika safu zetu za swala.

Sisemi jambo la kubuni. Sisi tuliopata kusoma Sudan tuliwaona wanafunzi wa tiba wakifunga safari ya pamoja likizoni kwenda vijijini, wenyewe wakiita qafila ya afya. Kiko na Chuo Kikuu cha Al-Jazira, mjini Wad Madani, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho kitivo chake cha tiba kilijulikana duniani kwa kuwapeleka wanafunzi kuishi vijijini kama sehemu ya masomo, si kama hisani. Mwanafunzi hukaa na familia, huhesabu maradhi ya kijiji, kisha kwa pamoja na wenyeji huchagua tatizo moja na kulishughulikia. Al-Jazira nayo ni nchi ya pamba kama hapa, ila pamba yao hunyweshwa kwa mifereji ya Nile ya Bluu, na mifereji hiyo ilileta kichocho kwa wingi. Vita vilivyozuka Aprili 2023 vimeharibu mengi. Desemba ya mwaka huo vilifika Wad Madani yenyewe. Watanzania waliokuwa wakisoma Sudan walirejeshwa nyumbani, wengi wao wanafunzi. Ikiwa miongoni mwenu wapo waliorudi kutoka huko, elimu ile ya qafila hawakuiacha uwanja wa ndege. Na waulizwe.

Tena asili yake si Sudan. Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimsimamishia hema ndani ya msikiti ili amtazame kwa karibu, na wapokezi wa Sira wamemtaja Rufaidah (r.a.), mwanamke wa kabila la Aslam, kuwa ndiye aliyewatibu majeruhi katika hema hilo, akijitolea kwa ajili ya Allah. Ummu Atiyyah (r.a.) alitoka katika vita saba akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Basi anayeniambia kwamba shughuli za tiba hazina nafasi msikitini, namwomba kwanza aniambie hema lile lilikuwa wapi. Na Imam Shafi'i (Allah amrehemu) amepokewa akisikitika kwamba Waislamu wameitupa elimu ya tiba na kuwaachia wengine. Yeye alisikitika katika karne ya pili ya Hijra.

Nije kwenye khofu, maana najua imo humu ndani. Mgeni akija kijijini na kikopo cha mkojo au sindano ya damu, minong'ono huanza: mumiani, wanyonya damu, wanauza damu Ulaya, wanataka kutukatia kizazi. Nitasema mambo mawili. La kwanza, khofu hiyo haiondoki kwa kumcheka mwenye nayo. Watu wetu wana haki ya kuuliza. Mtafiti wa kweli lazima awe na kibali cha kamati ya maadili ya chuo chake, na kazi kubwa hupita kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ana barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, amepita kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya, na mtendaji wa kijiji anamjua. Ana fomu ya ridhaa inayoeleza anachukua nini, kwa nini na kitapelekwa wapi. Una haki ya kukataa, na ukikataa matibabu yako ya zahanati hayapungui. Una haki ya kujitoa katikati ya safari. Ambaye hana karatasi hizi, hata akiwa mtoto wa imamu, msimpe hata tone.

La pili, ambaye karatasi zake zimekamilika, kumkimbia ni hasara yetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza, watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida, nusu ya jamii hizo zikaanza na nusu zikasubiri. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yakapungua kwa takriban asilimia 40 pale palipoanza. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995 na yakazungumzwa na madaktari wa dunia nzima. Hawa walikuwa wanavijiji wa Kisukuma kama nyinyi, waliokubali kupimwa na kuulizwa. Na kila mnapopanda basi la Mwanza mnapita Kisesa, ambako tangu mwaka 1994 kaya zimekuwa zikitembelewa na kuhesabiwa mara kwa mara kwa ajili ya utafiti. Abiria wengi hupaona kuwa ni pahala pa kununulia matunda tu.

Nina jingine, na hili linaniuma kidogo. Wasukuma kwa asili hawakuwa na tohara, nasi Waislamu tumekuwa tukiifundisha kama Sunna ya Mitume. Ilipothibiti kwamba tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa UKIMWI, serikali ikaifanyia kampeni. Watafiti, baadhi yao wakiwa Bugando, wakachagua vijiji 16 vya Kanda hii mwaka 2014 na 2015. Katika nusu ya vijiji waliwafundisha viongozi wa makanisa juu ya tohara, kwa hoja za tiba na za dini yao. Walipofundishwa viongozi, wanaume waliotahiriwa walifikia asilimia 52.8, wasipofundishwa, asilimia 29.5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida kubwa la madaktari. Wachungaji wameihubiri Sunna ya Ibrahim (a.s.) na namba zikapanda. Siwalaumu, nawapongeza. Ninachotaka mkione ni nguvu ya mimbari: kiongozi wa dini akielewa jambo la afya na kulisema, watu huenda. Mimbari hii inaweza kusema nini juu ya lambo? Juu ya mama kujifungulia hospitalini? Juu ya kipindupindu, ambacho mwanzoni mwa mwaka 2024 kilibisha hodi mkoani humu humu?

Na juu ya vikongwe wetu. Mnajua nasema nini. Katika nchi hii bibi kizee ameuawa kwa panga kwa sababu macho yake ni mekundu na mpiga ramli kamtaja. Sisi tunakemea ramli kwa kuwa ni shirki, na tutaendelea. Lakini macho ya bibi huyo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi aliopikia miaka hamsini. Akija kijana anayesomea tiba ya macho akawapima vikongwe wa kata moja, akaandika sababu, kisha imamu akayasoma matokeo hayo Ijumaa, hoja ya mpiga ramli imekatwa kwa pande zote mbili.

Sasa nawageukia wanafunzi. Kujitolea si kujifanya daktari. Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba mwenye kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea, na mafakihi wamejenga juu ya hadithi hiyo mlango mzima wa hukumu. Kijana wa mwaka wa pili asichome sindano wala asiandike dawa eti kwa kuwa mjomba wake amemwita daktari. Aende kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya na barua ya chuo, afanye anachoruhusiwa chini ya macho ya mwenye leseni: kupima uzito wa watoto wa kliniki, kupanga kumbukumbu, kuelimisha, kumsindikiza mhudumu wa afya ngazi ya jamii kaya kwa kaya. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu hao Januari 2024 ikikusudia kuwafikisha 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Watu hao wanahitaji wenzao. Siri ya mgonjwa ni amana. Ukimkuta jirani yako kliniki ya UKIMWI, hukumkuta.

Wapo wanaoona uzito kujitolea au kusoma katika taasisi za Wakristo. Bugando ni hospitali ya Kanisa Katoliki kwa ubia na serikali, hilo halifichiki. Lakini Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa al-Harith bin Kaladah, tabibu wa kabila la Thaqif, ambaye wanazuoni wamekhitilafiana hata kama alisilimu. Wakachukua humo kuwa inajuzu kunufaika na tabibu mjuzi na mwaminifu, awe nani. Chukueni elimu, lindeni swala zenu, na mwanafunzi wa kike alinde stara yake. Kwa hilo hajazuiwa.

Na dada zetu hawa ndio tunaowahitaji zaidi, kwa ile khabari ya kina mama niliyoitaja. Mzazi anasema: binti yangu atalala wapi kijijini, na mahram wake nani? Ni swali la haki. Jibu lake lipo kwetu sote: alale katika nyumba ya familia ya Kiislamu inayojulikana, asafiri na kaka au baba yake, wawe wawili wawili, na kazi yao iwe na wanawake wenzao. Binti aliyezaliwa Itilima akipewa kazi Itilima tatizo la safari limekwisha.

Msikiti utoe nini? Si mamilioni. Godoro, ugali, nauli ya bodaboda kwenda zahanati, na mzee mmoja wa kumtambulisha kwa mtendaji na kwa watu. Nasikia swali la zaka likija. Kijana fukara anaweza kupewa zaka kwa ufukara wake. Ama gharama za kikopo na vichujio, rai yangu ni kwamba ziwe sadaka, tusiingie katika khitilafu bila ya haja. Na mtafiti akimaliza alazimishwe jambo moja: arudi hapa aseme alichokikuta, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa wazee. Tumechoka kuwa watu wa kuhesabiwa wasioletewa hesabu.

Kabla hatujatawanyika, katibu wa msikiti ana daftari. Mzazi mwenye mtoto katika chuo chochote cha afya aandike jina la kozi, mwaka anaosoma na mwezi wa likizo yake. Baada ya Isha maimamu wa kata watakaa kuona zahanati ipi iko karibu na nani, na Jumatatu inshaallah wawili kati yao watakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kuuliza anapokea wanafunzi kwa utaratibu gani. Kina mama, daftari lenu liko kwa mwalimu wa madrasa ya wanawake.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.